Sindano Aliyoikataa Daktari Tembea

Jina la Daktari Tembea alipewa na watu, na hawakulitoa mbali. Ukienda kwake kichwa kinauma, utaambiwa tembea. Ukikosa usingizi, tembea. Fundi viatu mmoja wa mtaa ule alikuwa akiapa kwamba alipanda kule juu na jino bovu, akachunguliwa kinywani, akaandikiwa barua ya kwenda kwa daktari wa meno, halafu akaambiwa barua yenyewe aipeleke kwa miguu. Watu walicheka, naye daktari alicheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa. Mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito, miaka sitini na mmoja, na kila asubuhi alitoka kwake kwa miguu, mwendo wa nusu saa, mkoba begani.

Zahanati yake ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la rangi na misumari. Ngazi zilikuwa kumi na saba, nyembamba, za saruji, na chuma cha kushikia upande mmoja tu. Mtu akifika juu anahema, daktari alimtania kwamba robo ya matibabu ameshaipata bure. Chumba cha kwanza kilikuwa na benchi mbili na mizani. Cha pili alikaa sista, muuguzi aliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa, na ambaye ndiye pekee aliyeweza kusoma mwandiko wake. Cha tatu kilikuwa cha daktari: meza, kitanda cha kupimia, dirisha la kuelekea barabarani, na kabati la chuma lililojaa bahasha za kaki.

Bahasha zile ndizo zilizokuwa fahari yake. Kila nyumba ilikuwa na bahasha yake, na ndani yake kadi za watu wote wa nyumba ile, kuanzia bibi mpaka kitukuu. Wenzake wengine wanatibu kifua, wengine macho, yeye alikuwa akisema, "Mimi natibu nyumba." Na kweli aliwajua. Alijua nani alizaliwa katanguliza miguu, nani ana pumu ya kurithi, nani analewa na kumficha mkewe. Ukitokeza tu mlangoni alikuwa ameshajua kilichokuleta, au basi alijiona anajua. Hakuwa mtu wa maswali mengi. Atamuulizaje mtu aliyemchanja akiwa na siku tatu?

Tena kulikuwa na jambo alilolibuni mwenyewe, na nalisema mapema kwa sababu yote yaliyotokea yaliegemea hapo. Ni muhuri. Muhuri wa mpira ulioandikwa RUDIA. Wagonjwa wa presha na wa sukari, wale wa dawa za kila mwezi, hawakulazimika kupanda ngazi wala kukaa benchi. Kila Alhamisi ndugu yeyote alileta kadi, daktari akalitupia jina jicho, akagonga muhuri, akatia saini, sista akatoa vidonge vilevile vya mwezi uliopita. Haikuchukua hata dakika. Watu walimwombea dua kwa muhuri ule. Ilikuwa huruma tupu, wala asije mtu akaniambia ulikuwa uvivu. Mvivu hafungui zahanati saa moja asubuhi kwa miaka thelathini.

Sasa Fundi. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mshonaji wa sare za shule, mjane, mama wa binti mmoja. Alishonea kwenye chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani mbili, ya umeme na ya miguu, na marundo ya vitambaa vya buluu na kijivu mpaka darini. Ile ya miguu alikuwa ameshaisusa, maana magoti yalikataa. Alikuwa mnene tangu utotoni, kama mama yake na shangazi zake wote, na ulimi alikuwa nao. "Nikikaa mimi kwenye benchi," alikuwa akisema, "wengine wawe na adabu, wasimame." Aliucheka mwili wake kabla wewe hujauwahi, ndivyo alivyojikinga. Sukari alikuwa nayo mwaka wa kumi na moja. Kilo zake zilikuwa mia moja na kumi na nane.

Jumatatu moja alizipanda zile ngazi mwenyewe. Sista alimsikia akipumzika mara mbili njiani. Alipofika kwa daktari alikaa kwanza, akajifuta jasho kwa kanga, akangoja pumzi irudi.

"Daktari wa mifupa ameniona," alisema. "Goti la kulia limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Atanifanyia operesheni, lakini hanigusi mpaka nipungue kilo ishirini."

"Amesema vizuri. Ishirini zinapungua."

"Kwa kufanya nini, daktari?"

"Fundi, haya tumeyazungumza miaka mingapi? Punguza sahani. Tembea."

"Kwa goti lipi?"

Sista, aliyekuwa akisikia kutoka chumba cha pili, aliuma midomo asicheke. Daktari naye alitabasamu. Fundi hakutabasamu, na hapo ndipo daktari alipopaswa kumtazama vizuri.

"Kuna sindano," Fundi aliendelea, akafungua karatasi aliyoikunja mara nne. Jina la dawa alikuwa ameliandika kwa chaki ya kukatia nguo, kwa herufi kubwa. "Inachomwa mara moja kwa wiki. Inakata njaa, na sukari nayo inaishusha. Nimeambiwa mtu wa sukari kama mimi ndiye hasa inayemfaa. Nimekuja uniandikie. Sitaki urembo, daktari, umri huo umepita. Nataka goti lifanywe nisimame kwenye meza yangu ya kukatia."

Daktari alishatikisa kichwa kabla hajamaliza.

Hapa lazima tumtendee haki mzee wa watu. Alipokuwa daktari kijana vilikuja vidonge vya kupunguza mwili. Aliviandika kwa mkono mwepesi, kila mtu alikuwa akiviandika. Miongoni mwa waliovipata alikuwemo mwalimu mmoja wa kike, miaka thelathini na miwili, aliyetaka gauni lake la harusi limkae. Miaka michache baadaye vidonge viliondolewa madukani, ikasemwa vinaharibu moyo, na wa mwalimu yule ulikuwa umeshaharibika. Hakufa, lakini tangu hapo hakuweza tena kubeba hata ndoo ya maji. Daktari alimtembelea mpaka walipohama mji. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu alikuwa na miaka thelathini ya kushtuka.

Angemwambia Fundi hayo, wangeelewana. Fundi hakuwa mjinga. Angeuliza maswali, wangebishana, pengine wangefika mahali. Lakini daktari hakuzoea kumweleza mtu hofu yake. Alisema alilozoea kusema.

"Hiyo ni dawa ya wavivu, Fundi. Wewe si mvivu."

Alidhani anamsifu, masikini. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na benchi zote mbili zilinyamaza. Fundi aliikunja karatasi yake upya, mara nne kama ilivyokuwa, akaitia kwenye pochi.

"Haya, daktari. Asante."

Alishuka ngazi kwa ubavu, mkono kwenye chuma, mguu mmoja baada ya mwingine, na daktari alimtazama dirishani mpaka alipovuka barabara. Moyoni alijiona amemwokoa. Ile ndiyo siku ya mwisho Fundi kupanda pale.

Mtaa wa pili kulikuwa na saluni. Mwenyewe alikuwa mama mchangamfu, mikono yake haina mfano kwa kusuka, na ndani ya friji yake, kati ya soda na maziwa, alikuwa na kalamu za sindano ileile, alizoletewa na mtu aliyeletewa na mtu. Wala hakuwa shetani yule mama. Alimwonyesha Fundi namna ya kuchoma tumboni, akamwambia aanze kidogo, akamwombea afya. Hakumuuliza anameza dawa gani nyingine. Angeulizaje? Yeye msusi.

Basi Fundi akawa anachoma kila Ijumaa. Wiki za mwanzo alitapika, akavumilia. Kisha njaa ikatoka kabisa. Mtu aliyekuwa anaota chakula akawa anakisahau. Kipande cha mkate cha asubuhi kilimtosha mpaka jioni, na jioni anakiona kingine ni kingi. Kilo zikaanza kuanguka. Alijibania nguo zake mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, akiimba juu ya cherehani. Goti likapungua uchungu. Akaanza kutoka mpaka kona, halafu mpaka stendi na kurudi. Na furaha ile ilikuwa ya kweli, nani wa kumnyima? Miaka hamsini alikuwa akiambiwa mwili wake ni kosa lake, na leo mwili ulikuwa unamtii.

Binti yake ndiye pekee aliyejua. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, karani kwenye ofisi ya maji, mwenye umbo la mama yake na ukimya wa marehemu baba yake. Alimwambia mama amwambie daktari. Mama alikataa katakata. "Nimwambie ili anitangaze mvivu mara ya pili? Benchi lile lina masikio. Wewe peleka kadi, chukua vidonge, ukiulizwa sema nipo salama."

Kwa hiyo kila mwezi, Alhamisi ya kwanza, binti alipanda kabla ya kwenda kazini.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Mama anatembea?"

"Anatembea, daktari."

"Mwambie asiache. Hivyohivyo." Na muhuri ukaanguka: RUDIA.

Binti hakusema uongo, mama alikuwa anatembea. Ila vile vidonge vya sukari vilikuwa vya aina inayoishusha sukari iwe umekula au hujala. Kwa mwanamke wa kilo mia na kumi na nane anayekula milo mitatu, vilikuwa kipimo sawasawa. Kwa mwanamke anayeshinda na kipande cha mkate, mwenye dawa nyingine mwilini inayofanya kazi hiyohiyo, kila kidonge kilikuwa hatari. Daktari yeyote angelijua hilo, na Daktari Tembea alilijua kuliko wengi. Angemwona mara moja tu, angalau apishane naye barabarani, angepunguza vidonge siku ileile. Hakumwona. Aliiona kadi, na kadi haikuwa imepungua hata kilo moja.

Mwezi wa tatu wa sindano ulipoingia, madaktari wa familia wa mji ule walikuwa na kikao chao. Walikutana kila Jumamosi ya kwanza, saa sita mchana, kwenye chumba cha mafunzo cha hospitali kuu, chai kwenye birika na biskuti kwenye sahani. Safari hii mada ilikuwa sindano hizo. Daktari mmoja, bonge la mtu, alisema yeye anaandika, na anachoma pia, mwenye kucheka acheke. Mwingine alilalamika kwamba wenye harusi wanazimaliza, wenye sukari wakienda famasi wanaambiwa hakuna. Wa tatu alisema anaandika lakini kwa aibu, kama anayeuza pombe kwa mlango wa nyuma. Daktari Tembea alisema yeye haandiki. Mtu akiacha sindano mwili unarudi na jamaa zake, na ya miaka ishirini ijayo hakuna ayajuaye.

Akajibiwa na daktari wa kike, mdogo kwake kwa miaka karibu thelathini, aliyefungua zahanati upande wa pili wa mji.

"Mzee wangu, kwa heshima zote. Presha unaipa dawa, na hujui ya miaka ishirini. Pumu unaipa dawa. Unene ukifika ndipo unamwambia mtu ajitie nia?"

"Nia haijaua mtu, binti yangu."

"Wanaoua ni wengine. Sisi tukikataa wagonjwa hawaachi, mzee. Wanakwenda kuzinunua saluni, na huko hakuna wa kuwapima."

"Wa kwako labda," alisema Daktari Tembea, akamimina chai. "Wagonjwa wangu nawajua. Hawafanyi jambo kisirisiri."

Yule daktari wa kike alitaka kuongeza neno, akamheshimu, akanyamaza. Heshima nyingine zina gharama. Siku ile Fundi alikuwa ameshapungua kilo kumi na sita, na alikuwa ameanza kupata kizunguzungu asubuhi, mikono ikitetemeka, jasho likimtoka bila joto. Alijiambia ni dawa inafanya kazi. Akionja chai yenye sukari hali ile inaisha, basi akaona si kitu.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa nne, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Alimeza vidonge vyake kama kila siku. Mkate aliufunika kwenye sahani, atakula baadaye. Mzazi mmoja aliyefuata sketi ya mwanawe alimkuta ameinamia cherehani, shavu juu ya kitambaa, taa ya mashine inawaka. Alidhani amepitiwa na usingizi, akaona amwache apumzike, akaenda zake sokoni. Aliporudi saa sita alimkuta vilevile. Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Hospitalini kipimo cha sukari hakikutoa namba, kiliandika tu kwamba iko chini. Walimtia maji ya sukari mshipani, sukari ikapanda, lakini Fundi hakuamka. Ubongo ulikuwa umekaa na njaa kwa saa nyingi mno.

Daktari Tembea alipata habari kwa sista, akafunga zahanati mchana ule, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu amzike mama yake. Alifika wodini, akapita kitanda cha Fundi, akafika mwisho wa chumba, akarudi. Hakumtambua. Alisoma jina kwenye karatasi ya kitandani, akautazama uso, akasoma tena. Mashavu yalikuwa yameingia, shingo imekuwa ya mtu mwingine. Binti alikuwa ameketi upande wa pili, ameshika mkono wa mama yake. Pochi ilikuwa mapajani, na juu ya pochi kalamu ya sindano na pakiti ya vidonge, kama alivyoombwa avilete.

Daktari wa wodi alikuwa kijana mwenye haraka, asiyemjua.

"Hivi vidonge anaandikiwa na nani?"

"Na mimi."

"Na sindano?"

"Hapana. Hiyo nilimkatalia."

"Ulijua kwamba anachoma?"

"Sikujua."

"Mara ya mwisho kumwona ni lini, mzee?"

Daktari alirudi kwenye Jumatatu ile, akahesabu kwa vidole. Kumjua anamjua tangu ujana wake. Kumwona ni jambo jingine. "Miezi minne," alisema hatimaye. Kijana aliandika, wala hakumlaumu kwa neno. Ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

Fundi alikufa siku ya nne, alasiri, binti akiwa amelala kwenye kiti kando yake. Kwenye cheti sababu ya kifo iliandikwa kwa mstari mmoja, sukari kushuka, na mstari ule ulikuwa kweli, lakini ulikuwa mfupi.

Msibani watu walikaa, wakasema wanayoyasema watu. Habari za kalamu zilikuwa zimeshavuja, mama wa saluni amefunga mlango na kwenda kwa dada yake. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema jirani mmoja, wengine wakaitikia, loo, kweli kabisa, angemwambia daktari wake. Nani kati yao aliuliza ni nini kilichomfanya afiche? Wengine walikuwa kwenye benchi siku ile, na walisikia kama alivyosikia yeye. Methali ni tamu ukiitupa kwa mtu asiyeweza kujibu.

Daktari alikuwepo, ameketi nyuma, kofia mapajani. Mzee mmoja alimpa pole, akamwambia amefanya yote aliyoweza. Ilikuwa nafasi ya kusema. Neno lilifika kwenye ulimi: niliendelea kumpa vidonge bila kumwona. Akalimeza. Aliogopa, na hofu ile ilikuwa ya aibu kuliko ya sheria. Aliitikia pole, akashukuru, na alichukia sauti yake mwenyewe ilivyotoka laini.

Kesho yake alfajiri alimkuta sista anafuta meza macho yamevimba.

"Mimi ndiye niliyempa mtoto vile vidonge mkononi," sista alisema.

"Wewe ulipewa karatasi yenye saini yangu."

"Na ninausoma mwandiko wako peke yangu duniani. Ningeuliza."

Muhuri ulitupwa kwenye pipa siku hiyo. Mgonjwa asiyeweza kupanda, daktari alimshukia, akampimia stoo ya duka la rangi, kati ya makopo. Alhamisi ikawa siku ndefu kuliko zote, watu wakanung'unika, mbona zamani ilikuwa dakika moja. Hakuwaeleza sababu. Alikuwa ameacha pia kumwambia mtu tembea, na hilo watu waliligundua upesi, fundi viatu akauliza kama mzee anaumwa. Kwenye vikao vya Jumamosi alikwenda, akakaa, akanywa chai. Yule daktari wa kike alimsalimia kila mara kwa upole, na upole ule ulimchoma.

Miezi sita ilipita. Asubuhi moja sista aliingia bila kugonga, uso umebadilika, akasema, "Binti wa Fundi yuko nje. Amekaa kwenye foleni kama wengine."

Daktari alikuwa ameingoja siku hiyo tangu msibani. Alijua anakuja kutukanwa, na kwa kweli alikuwa ameshachoka kuingoja. Alisimama binti alipoingia. Binti alifunga mlango nyuma yake mpaka komeo likalia, kisha akakaa.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimepimwa kazini. Sukari imeanza kupanda, bado si ugonjwa lakini inakaribia. Kilo zangu mia moja na nne. Nataka sindano ile." Alisema kama anayesoma barua ya ofisini. "Siichukui saluni. Nataka iandikwe na daktari, nipimwe, nifuatwe."

Daktari alikaa taratibu. Mwalimu wa gauni la harusi alimpitia akilini, moyo wake na ndoo yake ya maji. Na nyuma ya mwalimu akaja Fundi anayeshuka ngazi kwa ubavu. Wote wawili walikuwa wake. Mmoja alimpa dawa bila kufikiri, mwingine alimnyima bila kufikiri.

"Kuna daktari upande wa pili wa mji," alisema. "Ni mwanamke, ni mzuri kuliko mimi kwa jambo hili. Nitakuandikia barua."

"Nimemsikia."

"Kwa nini basi umekuja hapa? Una haki ya kutopenda hata kuiona ngazi yangu."

Binti alitazama mikono yake. "Huko nitaulizwa mama alikufa na nini," alisema. "Kila nikienda mahali ni swali la kwanza, wazazi wako hai? Nachoka, daktari. Wewe hutaniuliza."

Chini, kwenye duka, mtu alikuwa akipima misumari, inasikika ikidondoka kwenye sahani ya mizani. Daktari aliinuka, akafungua kabati. Bahasha ya nyumba ile ilikuwepo, aliigusa, akaiacha. Alichukua kadi mpya, nyeupe, akaandika tarehe.

"Nitakuandikia," alisema. "Utaanza na kipimo cha chini kabisa. Ukitapika usivumilie, njoo. Kila mwezi nitakuona kwa macho yangu, na usipokuja nitakufuata ofisini kwako mbele ya watu wote, hata ukinichukia. Kuna mambo siyajui kuhusu dawa hii, nitakwambia ni yapi. Mengine nitamuuliza huyo mwenzangu, mbele yako. Umekubali?"

"Nimekubali."

Alimpima mwenyewe, uzito na presha, akampapasa shingo na tumbo. Akarudi mezani na kuanza kuuliza, na aliuliza kama anayeuliza mgeni: dawa anazomeza, anakula nini na saa ngapi, kama kongosho limewahi kumsumbua, kama kuna mtu kwao aliyepata uvimbe wa shingo. Binti alijibu moja moja. Kalamu ikafika kwenye mstari wa wazazi, ikasimama.

"Baba?"

"Ajali ya gari. Nilikuwa na miaka tisa."

"Mama?"

Binti aliinua macho. "Daktari, mama unamjua."

"Nilidhani namjua, ndiyo maana sikuuliza." Daktari aliirudisha kalamu kwenye mstari. "Niambie wewe. Mama yako alikufa na nini?"

Binti alisema polepole, akimtazama usoni, ili aweze kumfuata kwa kalamu.

"Alikufa kwa sukari kushuka. Alikuwa anachoma sindano ambayo daktari wake alimkatalia, na anameza vidonge ambavyo daktari wake aliendelea kumpa bila kumwona. Na mimi nilijua, nikanyamaza."

Daktari Tembea aliyaandika maneno yale yote kama yalivyosemwa, mpaka lile la mwisho. Lile la mwisho, la binti kunyamaza, alilikata kwa mstari mmoja, akamgeuzia kadi alione, kisha akatia saini yake chini.